Mashine ya kukohoza ICU: ni ya mgonjwa gani, na nani aishike?

#1 PumziNjema

Ndugu zangu, habari za majukumu. Nimefungua uzi huu kwa sababu wenzangu kadhaa wa Dar es Salaam, Mwanza na Nairobi wameniuliza swali lilelile: hospitali yao inafikiria kununua mashine ya kukohoza kwa ajili ya wagonjwa mahututi, je, inafaa? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo na mazoezi), nilisomea Moshi, na sasa nafanya kazi katika ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya watu wazima nchini Uingereza, ambako mashine hii hushikwa zaidi na sisi watu wa fiziotherapia, mchana na katika zamu za kuitwa usiku. Jibu langu nalitanguliza ili asiye na muda alisome hapa na kuendelea na shughuli zake: mashine hii ni ya mgonjwa asiye na nguvu ya kukohoa. Mwenye makohozi mengi na kikohozi kizima ni mgonjwa mwingine, na hospitali isiyoweza kuwatofautisha wawili hao itakuwa imenunua pambo la maelfu ya dola.

Tuanze na kikohozi chenyewe. Mtu mzima mwenye afya anapokohoa huvuta kwanza hewa nyingi, kisha zoloto (kisanduku cha sauti kooni) hufunga, misuli ya tumbo na ya mbavu hukaza mpaka shinikizo ndani ya kifua lipande, halafu zoloto hufunguka ghafla na hewa hutoka kwa kasi inayofika lita 360 kwa dakika au zaidi. Hatua mojawapo ikiharibika, kikohozi hupwaya. Aliyeumia uti wa mgongo shingoni, tuseme kwenye pingili ya tano, kiwambo chake (msuli mkuu wa kupumulia chini ya mapafu) bado huvuta hewa kiasi, lakini misuli ya tumbo imepooza, kwa hiyo hewa hutoka kivivu. Mwenye Guillain-Barré au myasthenia gravis, maradhi yanayodhoofisha misuli ya mwili, hushindwa kuvuta na hushindwa kusukuma. Na yule aliyekaa kwenye ventileta (mashine ya kupumulia) wiki kadhaa, hata kama alilazwa kwa nimonia ya kawaida, anaweza kuamka akiwa na misuli iliyosinyaa kiasi kwamba hawezi kuinua mkono, seuze kukohoa.

Wataalamu wa maradhi ya neva na misuli hutumia viwango viwili ambavyo ni vyema kuvikariri. Mgonjwa ambaye kikohozi chake kiko chini ya lita 270 kwa dakika akiwa mzima yumo hatarini, kwa kuwa siku atakayougua kifua nguvu hiyo itashuka tena. Akiwa chini ya lita 160, makohozi hayatoki hata ajitahidi vipi.

Mashine huingia kwenye pengo hilo. Kwa barakoa, au kwa kuunganishwa na mrija wa kupumulia au wa trakeostomi (tundu la kupumulia linalotobolewa shingoni), husukuma hewa mapafuni taratibu hadi kifua kijae, kisha hugeuka ghafla na kuvuta, na hewa hutoka kwa kasi ikibeba makohozi. Wazo hili si geni. Lilianza miaka ya mwanzo ya 1950, enzi za polio, wakati ambapo Copenhagen mwaka 1952 wanafunzi wa udaktari walikaa kwa zamu kando ya vitanda wakibonyeza mifuko ya hewa kwa mikono ili wagonjwa waliopooza wasife. Daktari Alvan Barach na wenzake huko Marekani walionyesha kuwa hewa ikivutwa kwa ghafla baada ya pafu kujazwa, makohozi hupanda. Baadaye trakeostomi na mpira wa kufyonzea vilishika nafasi, mashine ikasahauliwa, na ilirudi sokoni Marekani mwaka 1993 hasa kwa ajili ya watu wenye maradhi ya misuli wanaoishi nyumbani. Kuingia kwake ICU ni jambo la karibuni zaidi, na ndiyo maana hata hapa Uingereza utakuta hospitali mbili za mji mmoja zinaitumia kwa namna tofauti kabisa.

Sasa mgonjwa wa upande wa pili. Huyu ana nimonia, au ana mapafu yaliyoharibiwa na moshi wa sigara au wa kuni, makohozi yake ni mazito kama gundi, lakini ukimwambia akohoe, kitanda kinatikisika. Huyu nguvu anayo. Anachohitaji ni hewa yenye unyevu, maji mwilini, kugeuzwa ubavu, kukalishwa, kutolewa kitandani mapema, na dawa ya maumivu ikiwa amepasuliwa tumbo na anaogopa kukohoa. Nimeona mara nyingi wagonjwa wa namna hii wakiwekewa mashine kwa sababu tu ipo wodini na daktari wa zamu ameuliza kwa nini haitumiki. Mashine haiyeyushi makohozi.

Karibuni tujadili. Ningependa hasa kusikia kutoka kwa wauguzi na madaktari wa usingizi, si sisi wa fiziotherapia peke yetu.

#2 Nesi wa Usiku

Asante sana kaka kwa maelezo. Mimi ni muuguzi wa ICU hapa Dar es Salaam. Kwetu, kufyonza makohozi ni kazi ya muuguzi, na mtaalamu wa fiziotherapia tunamwona asubuhi tu, anagongagonga kifua, anamnyoosha mgonjwa miguu, anaondoka. Swali langu ni hili: kama nina mpira wa kufyonzea na mgonjwa tayari ana mrija, mashine hii inaniongezea nini? La pili, naomba utueleze namba zenyewe, maana nimesikia watu wakitaja arobaini kwa arobaini kana kwamba ni sheria.

#3 PumziNjema

Dada, swali lako la kwanza ndilo kiini. Mpira wa kufyonzea hufika kwenye koo kuu la hewa na mwanzo wa matawi yake, na kwa kuwa tawi la kulia limenyooka zaidi, mara nyingi mpira huelekea huko na kuukosa upande wa kushoto. Makohozi yaliyo chini zaidi huyafikii. Mashine huyaleta juu, kisha wewe unayafyonza, kwa hiyo haiondoi kazi yako, inaipa kitu cha kufyonza. Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaosimama juu ya kitanda hulisahau: mgonjwa aliye macho huchukia mpira ule. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000, watu walioumia uti wa mgongo wenye trakeostomi, waliokuwa wamepitia njia zote mbili, wengi waliichagua mashine kwa sababu haikuwaumiza wala kuwachosha kama mpira.

Kuhusu namba: arobaini kwa arobaini maana yake ni shinikizo la sentimita 40 za maji wakati wa kusukuma na 40 wakati wa kuvuta. Ni kiwango kinachotajwa sana kwa sababu tafiti nyingi zilikitumia, lakini mimi simwanzishi mgonjwa hapo. Mimi huanza na 15 au 20 kila upande ili mtu azoee, nikimweleza kabla kwamba atahisi kifua kinajazwa zaidi ya alivyozoea na kisha hewa kunyang'anywa, halafu napanda kidogo kidogo huku nikitazama kifua kinavyoinuka. Kwa kawaida nasukuma kwa sekunde 2 hadi 4, navuta kwa sekunde 2 au 3, na naweka mapumziko mafupi kabla ya mzunguko unaofuata. Mizunguko minne hadi sita, kisha nafyonza, mgonjwa anarudi kwenye ventileta au oksijeni yake na kupumzika dakika moja au mbili. Ukiendeleza mizunguko bila kupumzika, mtu huishiwa kaboni dayoksaidi na kupata kizunguzungu.

Mgonjwa mwenye mrija mdomoni ni hadithi nyingine. Mrija ni mwembamba, na kadiri unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo unavyobana mtiririko, kwa hiyo shinikizo linaloonekana kwenye kioo cha mashine silo linalofika kwenye mapafu. Kwa mgonjwa huyo 40 inaweza kuwa ndogo, na wenzetu wengine hupanda juu yake wakishauriana na daktari. Puto la mrija lazima liwe limejazwa vizuri, la sivyo hewa hupita pembeni.

Kuna kosa ninalolikuta mara kwa mara nalo ni kusukuma hewa kwa pupa. Makohozi hufuata upepo wenye nguvu zaidi. Ikiwa hewa inaingia kwa kasi kuliko inavyotoka, unayasukuma makohozi chini, ndani zaidi ya pafu. Kwa hiyo ingiza polepole, toa kwa kasi, na ikibidi fanya shinikizo la kuvuta liwe kubwa kuliko la kusukuma. Majaribio ya maabara na ya wanyama yameonyesha hilo waziwazi, na hata mkono ukiwekwa kifuani unalisikia: ile mikwaruzo chini ya kiganja huanza ubavuni, na mizunguko ikienda sawa huhamia katikati ya kifua, kisha unaona ute ukipanda ndani ya mrija wa plastiki. Ukiona umesimama nusu ya njia na kurudi chini kila mashine inaposukuma, usisubiri mzunguko wa sita. Simamisha, fyonza, punguza kasi ya kuingiza.

#4 Fizio Nairobi

Hongera kwa uzi mzuri. Mimi niko Nairobi, nafanya kazi na majeruhi wa uti wa mgongo, na kwa wagonjwa hao sina ubishi. Wasiwasi wangu ni huu wa kuitandaza ICU nzima. Wauzaji wanapokuja na slaidi zao hutuonyesha kwamba mashine inazuia mgonjwa kurudishiwa mrija baada ya kutolewa. Ushahidi wa hilo uko wapi hasa? Naona wakubwa wetu wanataka kutia saini kwa kuangalia jedwali moja.

#5 PumziNjema

Jedwali hilo bila shaka ni la Porto, Ureno, utafiti wa Gonçalves na wenzake uliochapishwa mwaka 2012. Ni utafiti mzuri na ni vyema kuusoma wenyewe badala ya slaidi. Walichukua wagonjwa 75 waliokuwa wamekaa kwenye ventileta zaidi ya saa 48 na walioonekana wako tayari kutolewa mrija, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida, pamoja na kupumulishwa kwa barakoa ilipohitajika, na jingine likaongezewa mashine ya kukohoza mara tatu kwa siku. Katika kundi la kawaida wagonjwa 19 kati ya 40 walirudishiwa mrija, yaani asilimia 48. Katika kundi la mashine ni 6 kati ya 35, asilimia 17. Tofauti kubwa zaidi ilionekana kwa wale waliokuwa wakipumulishwa kwa barakoa, jambo ambalo lina mantiki, kwa kuwa barakoa hushindwa upesi pale makohozi yanapokusanyika nyuma yake.

Lakini tazama mambo mawili. Kituo kilikuwa kimoja, tena chenye wataalamu waliokuwa wameizoea mashine kwa miaka, na waliotoa matibabu walijua nani yuko kundi gani. Pia asilimia 48 ya kurudishiwa mrija ni kubwa mno; wodi nyingi haziko huko, na anayeanza na tatizo dogo hawezi kutarajia nafuu ya ukubwa ule. Mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba) ya mwaka 2017 kuhusu njia za kuongeza nguvu ya kikohozi kwa watu wanaoachishwa ventileta yalipata majaribio mawili tu ya kugawa wagonjwa kwa kura, yenye washiriki 95 kwa jumla, na waandishi wakaupa ushahidi huo daraja la chini kabisa la uhakika. Hiyo haina maana kwamba mashine haifai. Maana yake ni kwamba anayesema imethibitishwa kwa kila mgonjwa anauza.

Kwa hiyo mimi huchuja kabla ya mrija kutolewa. Ukiwa na kipimo cha kasi ya pumzi, kile kinachotumiwa kliniki za pumu, unaweza kukiunganisha na mrija na kumwambia mgonjwa akohoe. Akiwa chini ya lita 60 hivi kwa dakika kupitia mrija, hatari ya kurudishiwa mrija ni kubwa. Usipokuwa nacho, lipo jaribio la kadi nyeupe, ambalo halina gharama yoyote. Shika kipande cha karatasi nyeupe sentimita moja au mbili mbele ya mdomo wa mrija, mgonjwa akohoe mara tatu au nne. Karatasi ikilowa, kikohozi kipo. Ikibaki kavu, na dada yetu Nesi wa Usiku anasema amekuwa akimfyonza mgonjwa huyo kila baada ya saa moja, hapo ndipo mashine inapaswa kuwa tayari kando ya kitanda kabla mrija haujavutwa. Kuileta jioni, mgonjwa akiwa amekwisha kuchoka na oksijeni inashuka, ni kuchelewa, na kwa bahati mbaya ndivyo inavyoletwa sehemu nyingi.

#6 Dk. wa Usingizi

Nimewasoma kwa makini, na heshima zangu kwenu. Niruhusuni niwe mkaidi kidogo. Sisi tunatumia siku nzima tukilinda mapafu ya mgonjwa: tunampa pumzi ndogo, tunaweka shinikizo la kubaki mwishoni mwa pumzi ili vifuko vya hewa visifunge, na tunahofia kila sentimita ya maji inayozidi 30. Kisha anakuja mtaalamu wa fiziotherapia, anamtoa mgonjwa kwenye ventileta, anamjaza kwa 40 na kumnyonya kwa 40. Mapafu niliyoyafungua kwa saa sita yanafungwa kwa sekunde mbili. Hewa ikivuja nje ya pafu usiku, nani atajibu? Na katika nchi zetu, ambako mtaalamu wa fiziotherapia hayumo zamu ya usiku, swali hilo si la nadharia.

#7 PumziNjema

Daktari, huo si ukaidi, ni swali ambalo kila wodi inapaswa kulijibu kwa maandishi kabla mashine haijatolewa kwenye boksi. Nakubaliana nawe kuhusu mgonjwa mwenye mapafu magumu anayehitaji oksijeni nyingi na shinikizo kubwa la mwisho wa pumzi: huyo siye, na sijawahi kumwekea. Wengine ambao siwagusi ni mwenye hewa iliyovuja kifuani ambayo haijawekewa mrija wa kuitoa, mwenye mapovu makubwa ya hewa mapafuni, anayetapika au kukohoa damu, aliyepasuliwa umio karibuni, aliyevunjika mifupa ya uso ikiwa ninategemea barakoa, na yule ambaye presha yake inashikiliwa kwa dawa zinazopandishwa kila saa. Mwenye shinikizo kubwa ndani ya fuvu hujadiliwa na timu, wala haamuliwi na mtu mmoja.

Kuhusu ile 40, hofu yako ina msingi, ila mgonjwa anayefaa mashine hii kwa kawaida ana pafu laini na misuli dhaifu. Kifua chake hupokea hewa kwa sekunde chache, mizunguko ni michache, na baada ya kila seti narudisha ventileta na kuhakikisha shinikizo la mwisho wa pumzi limerejea, nikitazama oksijeni na mapigo ya moyo. Wengine humaliza seti kwa kusukuma tu bila kuvuta, ili wasimwache mgonjwa na pafu lililoishiwa hewa. Nami hufanya hivyo.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani kwenye kioo. Kwa mgonjwa asiye na mrija ambaye maradhi yamefika kwenye misuli ya koo, hasa mwenye ugonjwa wa neva za mwendo, zoloto inaweza kujifunga yenyewe pale hewa inaposukumwa kwa nguvu. Watafiti wa Bergen, Norwe, waliingiza kamera ndogo puani na kuliona likitokea wakati mashine ikifanya kazi. Unapandisha shinikizo ukidhani unasaidia, kumbe unafunga mlango. Dawa yake ni kushuka: shinikizo dogo, hewa iingie taratibu, na usikilize mgonjwa anasema nini.

Nani atajibu? Hapa Uingereza, ambako hakuna kada ya wataalamu wa upumuaji kama ile ya Marekani na Kanada, mtaalamu wa fiziotherapia huchunguza, hupanga viwango na kuandika kwenye faili, na daktari wa ICU anajua na amekubali. Usiku yupo mtu wa fiziotherapia wa kuitwa. Pasipo na mtu huyo, mimi naona muuguzi aliyefunzwa anaweza kuendesha viwango vilivyokwisha kupangwa kwa mgonjwa fulani, lakini asianzishe mgonjwa mpya. Najua wapo watakaonipinga.

#8 Kaka wa Mgonjwa

Samahanini wataalamu, mimi si mtu wa afya. Mdogo wangu alianguka kutoka kwenye mnazi huko Mkuranga, akaumia shingo. Alikaa ICU, sasa yuko nyumbani, mikono inainuka kidogo, miguu hapana. Kila akipata mafua tunakesha, makohozi yanakwama na sauti yake inakuwa kama iko chini ya maji. Mashine hiyo tukiichangia ukoo mzima hatutaifikia. Je, hakuna njia nyingine?

#9 Fizio Nairobi

Pole sana ndugu yetu, na poleni kwa kuuguza. Njia ipo, na kwa kweli ndiyo ambayo hospitali nyingi zingepaswa kuimudu kabla ya kuwaza mashine.

Ya kwanza ni kumsaidia kukohoa kwa mikono. Mgonjwa anavuta pumzi ndefu kadiri awezavyo, na pale anapoanza kukohoa, wewe unasukuma tumbo lake kwa viganja, chini ya mbavu, kuelekea ndani na juu, kwa wakati uleule. Kinachofanya kazi ni kuoana kwenu, kwa hiyo hesabuni pamoja kwa sauti. Asiwe ametoka kula, na isifanyike ikiwa ana mbavu zilizovunjika au amepasuliwa tumbo.

Ya pili ni kumjaza hewa kwa ambu, yaani mfuko wa hewa unaobonyezwa kwa mkono. Kwa mtu aliyeumia shingo, kusukuma tumbo peke yake hakutoshi kwa kuwa hana hewa ya kutosha ya kutoa. Ambu yenye vali ya njia moja na barakoa humwezesha kupokea pumzi tatu hadi tano zikipangwa moja juu ya nyingine bila kutoa, mpaka ahisi kifua kimejaa. Kisha barakoa inaondolewa, anakohoa, na wewe unasukuma tumbo. Usianze mwenyewe kwa kusoma hapa. Mpeleke kwenye idara ya fiziotherapia, waangalie kwanza mapafu yake na shingo yake kama imeunga, kisha wakufundishe wewe na mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu siku atakayozidiwa wewe unaweza kuwa safarini.

Kwa wenzangu wa wodini naongeza tahadhari moja. Ambu iliyowekewa vali hiyo ifungwe utepe na kuandikwa kwa kalamu nzito kwamba si ya kuokolea maisha. Vali hairuhusu hewa kurudi, kwa hiyo mtu akiichukua kwa haraka kumpulizia mgonjwa aliyezimia, atamjaza hewa isiyotoka.

Na ndugu yangu, sauti hiyo unayoieleza ikija pamoja na homa, au midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kumaliza sentensi, msikeshe. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.

#10 Kaka wa Mgonjwa

Nashukuru sana. Jumatatu tunampeleka. Hiyo ya kuhesabu pamoja hakuna aliyetuambia siku tunaruhusiwa.

#11 Fizio wa Mkoani

Shikamooni wakubwa. Mimi niko hospitali ya mkoa, sitaitaja. Mnapojadili kununua, sisi tunayo. Ililetwa kama msaada pamoja na ventileta wakati wa Uviko, ikatumika kidogo, kisha ikafungiwa stoo. Sababu tulizopewa ni kwamba inasambaza virusi, na kwamba mipira yake ya kupitishia hewa imekwisha na lazima iagizwe kwa mtengenezaji. Juzi tulipokea kijana aliyeng'atwa na nyoka, kope zimeanguka, hawezi kumeza wala kukohoa, yuko kwenye ventileta. Nilipoiomba nikaambiwa niandike barua. Je, hoja hizo zina uzito?

#12 PumziNjema

Marahaba. Ya virusi ilikuwa na uzito wakati ule, kwa kuwa kikohozi chochote, cha mtu au cha mashine, hurusha matone hewani, na mapendekezo ya wakati wa Uviko yalitaka mashine hii itumike kwa vifaa kamili vya kujikinga. Leo tahadhari ni zilezile za kufyonza makohozi: filta ya bakteria na virusi kati ya mashine na mgonjwa, mpira na barakoa za mgonjwa mmoja zisizohamishiwa kwa mwingine, glovu, barakoa yako na kinga ya macho. Filta ikilowa makohozi, ibadilishe papo hapo, maana filta iliyolowa huziba na mashine inaonyesha shinikizo ambalo halimfikii mtu.

Ya mipira sikubaliani nayo moja kwa moja. Viungio vya vifaa vya kupumulia vina vipimo vya kimataifa, milimita 22 na milimita 15, na mashine nyingi za aina hii hupokea mpira wa kawaida wa milimita 22 na filta ileile inayotumika kwenye ventileta. Angalia kitabu cha mashine hiyo, kisha nenda kwa mtunza stoo wa ICU na kiungio mkononi, si na barua.

Kijana wa nyoka ni mgonjwa wa kufikiriwa kweli, kwa sababu sumu ya namna hiyo hudhoofisha misuli bila kuharibu pafu, na nguvu hurudi. Lakini mashine iliyokaa stoo usiiunganishe na mtu kwa mara ya kwanza leo usiku. Mwite fundi wa vifaa tiba, azibe mdomo wa mpira, apime kwa manomita (kipima shinikizo) kama 20 ya kwenye kioo ni 20 kweli, kusukuma na kuvuta, kisha 30, kisha 40. Aangalie pia waya wa umeme na betri kama inayo. Wakati huo wewe na muuguzi wa zamu mwekeni kijana ubavu, kichwa cha kitanda kiinuliwe, mate ya mdomoni yafyonzwe mara kwa mara kwa kuwa hamezi, na ambu iwe kando ya kitanda.

#13 Fizio wa Mkoani

Fundi amepima. Kusukuma ni sawa, lakini kuvuta kunaishia 28 hata tukiweka 40.

#14 PumziNjema

Basi huenda kuna hewa inapenya mahali, au njia imeziba. Angalieni kwanza mpira wenyewe, maeneo ya mikunjo hupasuka ukikaa kwenye joto, kisha filta ya nyuma ya mashine inayochuja vumbi, ambayo baada ya kukaa stoo huenda imeziba. Badilisheni vyote viwili mpime tena. Ikibaki 28, msimtumie mgonjwa mpaka fundi aifungue, kwa sababu mtakuwa mnamsukumia hewa kwa nguvu kuliko mnavyomtolea, na hapo makohozi yatakuwa yanashuka.

#15 Nesi wa Usiku

Fizio wa Mkoani, ukiipata ile filta ya nyuma tuambie umeitoa wapi. Na sisi yetu ina vumbi hivyohivyo.